Bariadi: Nguo za Alfajiri na Nguo za Mchana

Mpenzi msomaji, je, umewahi kusafiri ukiwa umevaa sawasawa kwa muda wa saa mbili tu? Alfajiri unatetemeka. Saa nne unajisikia vizuri. Ifikapo saa saba unatamani kuvua hata ngozi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa sisi akina mama wanne tulipokwenda Bariadi mwezi wa Julai kumsalimu rafiki yetu wa siku nyingi. Salamu tulizipeleka, na kwake tukajifunza namna ya kupanga nguo za nyumba nzima.

Tuliondoka Mwanza saa kumi na mbili alfajiri. Dirisha moja la basi lilikataa kufunga, na upepo wa ziwani ukaingia bila kubisha hodi. Tulipita Kisesa, mahali pa kukata kwenda Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Tulivuka Mto Simiyu, ambao mkoa umechukua jina lake, tukapita Magu na Nyashimo. Huko Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, basi liliacha barabara ya Musoma likashika ya Bariadi.

Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa koti zito la mtumba juu ya blauzi ya nailoni. Mpaka Lamadi tulimwonea wivu. Tulipofika Dutwa jua lilikuwa limepanda, na sasa tukamwonea huruma. Jasho lilimtiririka, lakini koti hakuweza kulivua, kwa maana blauzi ilikuwa imelowa na kumganda mwilini. Aliteremka Bariadi akiwa hoi.

“Mwadila, mayu!” rafiki yetu alitupokea kwa Kisukuma. Kisha alimtazama yule mwenzetu akacheka. “Mama, ingia chumbani uvue hilo koti kabla hujaanguka. Khanga ipo kitandani.”

Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni jepesi la pamba, na sweta lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Alilivaa alfajiri alipokwenda kukamua, akalivua saa tatu, na jioni angelivaa tena. Alifanya hivyo kila siku bila kulifikiria.

BARIDI NA JUA KATIKA SIKU MOJA

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wengi hudhani kuwa ni nchi ya joto tu. Lakini tukumbuke kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hakuna na mbingu haina mawingu. Usiku ardhi hupoteza joto lake upesi, kwa maana hakuna wingu la kuifunika. Alfajiri kipimo huweza kushuka hadi nyuzi 15 au 16, na mchana kikapanda kukaribia 30. Juu ya hayo kuna upepo na vumbi.

Basi mama wa Bariadi anahitaji nguo za baridi na nguo za joto katika siku moja, na mara nyingi yuko mbali na nyumbani, shambani au mnadani, ambako hakuna kabati la kubadilishia.

NCHI YA PAMBA

Majira haya ya baridi ndiyo pia majira ya pamba. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, mnamo Novemba na Desemba, na huanza kuvunwa mwezi wa Mei. Tulipofika, mashamba mengi yalikuwa yamebakiza vitumba vya mwisho. Rafiki yetu alitupeleka shambani kwake asubuhi, lakini alitukataza kuanza mara moja. “Subirini umande ukauke,” alisema. “Pamba iliyochumwa mbichi huharibika ghalani.”

Tulifunga khanga viunoni kama mifuko tukachuma. Pamba safi iliwekwa peke yake na pamba fifi peke yake, kwa maana bei zake si sawa. Ikishauzwa kwenye chama cha ushirika, pamba hiyo hupelekwa kiwandani kuchambuliwa. Theluthi moja hivi au zaidi kidogo ya uzito wake huwa nyuzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kutoa mashudu ya ng'ombe. Nyuzi hufungwa robota, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje. Huko Meatu wapo wakulima ambao tangu mwaka 1994 wamekuwa wakilima pamba bila mbolea wala dawa za viwandani, na pamba hiyo hutafutwa na wenye maduka ya nguo huko Ulaya.

Mnadani tulikuta nguo zikirudi kutoka huko huko Ulaya ndani ya belo za mitumba. Rafiki yetu aligeuza ukosi wa fulana ya mtoto akatuonyesha kitambulisho chake: pamba mia kwa mia. “Nani ajuaye,” alisema, “labda nimenunua pamba yangu mwenyewe.” Tulicheka, ingawa tulifahamu kwamba haikuwa mzaha mtupu.

MWAKA WA KITENGE KIPYA

Jioni, baada ya ugali wa mtama na mlenda, alitueleza kisa chake.

Miaka kadhaa iliyopita fedha za pamba zilipatikana mwezi wa Juni. Mumewe, ambaye ni mtu mwema, alimnunulia kitenge kizuri pamoja na sare ya harusi ya mpwa wao. Watoto walinunuliwa nguo za kung'aa za sikukuu, zote za tetroni. Kila mtu alifurahi. Wiki tatu baadaye fedha zilikuwa zimekwisha, na baridi ndiyo kwanza ilikuwa imekolea. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa na sweta.

Alikuwa na mtoto wa miezi minne. Alikwenda naye shambani alfajiri, amembeba kwa khanga moja, na khanga ile ililowa umande. Siku ya tatu mtoto alianza kupumua haraka haraka, na kifua kikawa kinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Walimkimbiza hospitalini. Ilikuwa nimonia.

“Mwanangu alipona, namshukuru Mungu,” alisema. “Lakini tuliuza mbuzi wawili. Na mimi nilikaa kando ya kitanda chake siku nne nimevaa kitenge kipya. Kila nilipokitazama nilikichukia.”

Tulinyamaza. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kununua nguo ya kuonwa na watu akasahau nguo ya kuhifadhi mwili?

Hapa lazima tuseme wazi. Baridi peke yake haileti nimonia, kwani huletwa na vijidudu. Lakini mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na mwili unaopigania joto huchoka. Mtoto anayepumua haraka na kifua kikaingia ndani asisubiri nguo wala dawa ya nyumbani. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

TULICHOKUMBUKA KUTOKA HAYDOM

Kisa hicho kilimkumbusha mmoja wetu maisha yake ya ujana. Alisomea uuguzi Haydom, katika nyanda za juu za Mbulu, mashariki ya Meatu, kwenye hospitali iliyoanzishwa na wamisheni wa Norwei mwaka 1955. Huko alikuwako mama mmoja Mnorwei aliyewashangaza wanafunzi kwa mavazi yake. Hakuwa na nguo nyingi, na karibu zote zilikuwa za buluu, kijivu na nyeupe. Lakini alikuwa akivaa moja juu ya nyingine na kuzivua moja moja kadiri jua lilivyopanda.

Watu wa Skandinavia, yaani Norwei, Uswidi na Denmark, wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, ila kuna nguo mbaya tu. Kwao majira ya baridi ni ya theluji, lakini nyumba zao hutiwa joto. Mtu akitoka nje huganda, na akiingia ndani hutoka jasho. Kwa hiyo huvaa tabaka tatu. Ya kwanza hugusa ngozi, nayo mara nyingi ni ya sufu laini. Ya pili ni ya kutunza joto, kama vile sweta. Ya tatu ni ya kuzuia upepo na mvua. Joto hasa hutunzwa na hewa inayokaa kati ya nguo na nguo, ndiyo maana nguo tatu nyepesi huweza kushinda koti moja zito. Hata watoto wao wachanga hulazwa nje ndani ya vigari wakati wa baridi, wakiwa wamevikwa kwa utaratibu huo.

Nguo zao hushonwa pana kiasi, zisibane, ili moja iingie juu ya nyingine. Rangi zao ni chache na tulivu ili kila blauzi ipatane na kila sketi. Kwa njia hiyo nguo nane huweza kutoa mavazi mengi kuliko nguo ishirini zisizopatana.

Rafiki yetu alisikiliza hayo yote, kisha akasema, “Basi hao ni Wasukuma wa kwenye theluji. Bibi yangu hakutoka asubuhi bila vitambaa viwili, kimoja kiunoni na kimoja mabegani.”

Na ni kweli. Doti ya khanga huuzwa ikiwa vipande viwili. Mama hujifunga kimoja na kujitanda kingine. Jua likipanda, kile cha mabegani huwa kata ya kubebea ndoo, mbeleko ya mtoto, au mfuko wa pamba. Kujitanda na kujitandua tulikujua zamani. Tulichopoteza ni mpango wake.

TABAKA ZA BARIADI

Kutokana na aliyoyapitia, rafiki yetu aliweka utaratibu wake, nasi tunawapa kama tulivyouona.

Kwanza, karibu na ngozi huweka pamba nyepesi: fulana au shimizi. Pamba hunywa jasho, nailoni hulirudisha mwilini. Kule kwenye theluji husisitiza sufu, kwa sababu pamba ikilowa haitunzi joto. Kwetu ambako mchana ni jua, pamba yatufaa, ila mvua au umande ukikulowesha, badili nguo mara moja, na ya mtoto kabla ya yako.

Pili, huvaa gauni, au blauzi na sketi, inayoweza kusimama peke yake kwa heshima saa saba mchana. Hapa ndipo mwenzetu wa koti alipokosea: chini ya koti hakuwa na vazi la kubaki nalo.

Tatu, huvaa sweta lenye vifungo mbele. Lile la kuvulia kichwani huvuruga kilemba na kumwamsha mtoto aliyelala mgongoni.

Nne, juu ya yote huweka khanga, kitenge au shuka ya kukinga upepo na vumbi.

Kwa mtoto mchanga yeye hufuata kanuni rahisi: tabaka moja zaidi ya zile alizovaa mama. Lakini asizidishiwe. Usimpime kwa vidole vyake, kwa maana vidole vya mtoto huwa baridi mara nyingi. Gusa shingo kwa nyuma au kifua. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja. Na mtoto mwenye homa asifunikwe mablanketi juu ya mablanketi.

SHIKA, GEUZA, CHOMA UZI

Siku ya mnada tulimfuata katikati ya ng'ombe, michembe na mitumba. Hakuangalia maua wala vifungo vya dhahabu. Alishika kitambaa, akakikunja ngumini. Aligeuza nguo ndani nje kutazama mishono, kwapa na kola.

Pale alipokuwa na shaka kuhusu kitambaa alichokinunua, alichomoa uzi mmoja kwenye pindo akauchoma nyumbani kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Tetroni huyeyuka na kuwa punje ngumu nyeusi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na mara nyingi huzimika yenyewe. Kipimo hiki chafaa pia kwa vitenge, kwa kuwa siku hizi vingi vinavyofanana na vya pamba si vya pamba.

Mitumba ya pamba huifua kwa maji ya moto na sabuni, huianika juani na kuipiga pasi kabla ya mtu kuivaa. Lakini sweta la sufu halipelekwi kwenye maji ya moto, litasinyaa limtoshe mwanasesere. Lifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, likamuliwe taratibu bila kusokotwa, na kulazwa juu ya mkeka kivulini. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limejaa maji, litarefuka.

Mwanzoni mama mkwe wake hakupendezwa. “Mkamwana,” alimwambia, “unawavika wajukuu zangu kafa Ulaya, na pamba tumeuza?” Rafiki yetu hakujibu. Julai iliyofuata bibi aliwaona wajukuu wakienda shule bila kukohoa. Ndipo alipouliza kwa sauti ndogo kama mnadani yapo pia masweta ya watu wazima.

KABLA FEDHA HAZIJAFIKA

Siri kubwa zaidi haimo mnadani. Imo katika mazungumzo. Mwezi wa Aprili, pamba ikiwa bado shambani, rafiki yetu hufungua sanduku la bati na kutoa kila nguo. Zilizobana huhamia kwa mtoto anayefuata, zilizochanika hutiwa kiraka, na zilizochakaa kabisa huwa matambara. Kisha huandika kinachokosekana: sweta mbili, fulana nne, soksi, viatu vya mmoja.

“Baba watoto,” humwambia mumewe, “kabla hatujapeleka pamba ghalani, tuhesabu kwanza.” Wanaketi na kuhesabu ada, chakula, mbegu, dawa za shamba, halafu nguo za baridi. Sare za harusi huja mwisho. Mwaka wa kwanza mumewe aliona kama ananyang'anywa furaha ya kumletea mkewe zawadi. Naye alimjibu kwa upole, “Zawadi naitaka. Niletee sweta.”

Tunajua si kila nyumba mazungumzo haya ni mepesi. Mara nyingi mama huchuma pamba miezi miwili na kuona fedha zake siku mbili. Lakini karatasi yenye hesabu ya masweta ya watoto ni vigumu kuipinga kuliko manung'uniko, hasa ikiletwa mapema.

Tuliposali pamoja usiku ule, tulimkumbuka mwanamke wa Mithali sura ya 31, ambaye haogopi theluji kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake kwa sababu wote wamekwisha kuvikwa. Biblia yetu husema wamevikwa nguo nyekundu. Tafsiri ya kale ya Kilatini husema wamevikwa nguo mbilimbili. Rafiki yetu alifurahi kusikia hivyo. “Nyekundu au mbili,” alisema, “alizitayarisha kabla ya theluji.”

Nguo zake mwenyewe tulizihesabu. Magauni matatu, sketi mbili, blauzi tatu, masweta mawili, karibu zote za buluu, hudhurungi na maziwa, na doti nne za khanga zenye rangi zote za dunia. “Nguo nyingine zinyamaze,” alituambia, “khanga ndiyo iseme.” Hukunja kila kitu na kutia majani makavu ya mwarobaini kati ya mikunjo kuzuia wadudu. Kile kitenge cha mwaka ule bado anacho. Alikikata, akashona nusu yake kuwa bitana ya blanketi la mtoto.

Tulirudi Mwanza kwa basi la alfajiri. Mwenzetu alikuwa amevaa fulana ya pamba, gauni, sweta la vifungo na khanga, na lile koti zito aliliacha kwa mlinzi wa usiku wa jirani, ambaye alilihitaji kweli. Mizigo yetu ilipelekwa kituoni na kijana wa darasa la nne, yule yule aliyelazwa hospitalini akiwa na miezi minne. Alikwenda mbio mbele yetu katika baridi. Kabla basi halijaondoka alikuwa amekwisha pata joto, akavua sweta na kulifunga kiunoni, akatupungia mkono.

Mpenzi msomaji, usisubiri baridi ibishe hodi ndipo utazame sanduku lako. Lifungue wiki hii, ukiwa na kalamu na karatasi, na umwite baba watoto aketi karibu.